Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Mabasi ya Vijijini: Hao Abiria Wachache Wamehesabiwaje?

Kwa wakuu wa mamlaka za usafiri, madiwani, na wote wenye dhamana ya kupitisha au kufuta njia za mabasi ya vijijini.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu sentensi moja ambayo haikosekani katika taarifa za kufuta njia ya basi la kijijini: kwamba njia hiyo haina abiria wa kutosha. Huandikwa kana kwamba idadi ya abiria ni jambo lililojitokea lenyewe, na kazi ya ofisi ilikuwa kulirekodi tu. Ombi langu ni kwamba kabla ya kuipigia muhuri taarifa ya namna hiyo, mwulize abiria hao walihesabiwa wapi na saa ngapi, walikuwa wamepewa ratiba gani, na ni gharama ipi hasa itakayookolewa basi hilo likiondoka barabarani. Sidai kwamba kila njia inastahili kubaki. Zipo zinazozungusha viti vitupu mwaka hadi mwaka bila kumfaa mtu. Ninachodai ni kwamba hesabu zinazotumika kwa kawaida haziwezi kuzitofautisha njia hizo na zile zinazostahili kulindwa.

Nianze na ratiba, kwa sababu ndiyo inayozaa idadi. Basi linaloondoka kijijini saa nne asubuhi na kurudi saa saba mchana halimfai anayeingia kazini saa mbili, wala mwanafunzi, wala mgonjwa aliyepangiwa kliniki ya alasiri. Linamfaa mwenye shughuli fupi mjini, na watu wa aina hiyo ni wachache popote pale. Wachache hao huhesabiwa, kisha jumla yao huitwa mahitaji ya kijiji, ilhali ni mahitaji ya ratiba hiyo peke yake. Hatua inayofuata inajulikana: safari nne kwa siku zinakuwa mbili, abiria waliokuwa wakitegemea zile mbili zilizoondolewa wanatafuta njia nyingine ya kusafiri, hesabu mpya inaonyesha upungufu zaidi, na safari mbili zinabaki kuwa moja ya siku ya soko. Katika mwenendo huo wote hakuna hatua hata moja ambapo wanakijiji waliulizwa wangepanda basi la saa ngapi.

Jambo hili halikuvumbuliwa jana. Nchini Uingereza, kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Jack ilitoa taarifa yake kuhusu mabasi ya vijijini mwaka 1961, wakati magari binafsi yalipokuwa yakiwachukua abiria kwa kasi, na ikapendekeza msaada wa fedha wa moja kwa moja kwa njia zisizoweza kujitegemea. Miaka kumi na moja baadaye, mchumi Herbert Mohring alionyesha, kwa mfano wa mabasi ya mjini, kwamba kila abiria anayeongezeka huwezesha safari ziongezwe, na safari zikiongezwa kila mtu husubiri muda mfupi zaidi. Kwa hiyo abiria mmoja humletea mwenzake faida ambayo haionekani katika nauli. Kinyume chake nacho ni kweli. Vijijini madhara yake ni makubwa zaidi, kwa sababu kusubiri kwenyewe si dakika chache kituoni bali ni saa nyingi mjini, shughuli ikiwa imekwisha na basi la kurudi likiwa bado.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo sisi tunaotetea mabasi hupenda kulipita kimya. Kuongeza safari kwa kawaida hakujilipi kwenyewe. Muhtasari wa tafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2004 ulikadiria kwamba kilomita zinazotembezwa na mabasi zikiongezwa kwa asilimia 10, abiria huongezeka kwa takriban asilimia 4 katika muda mfupi, na takriban asilimia 7 baada ya miaka kadhaa. Abiria wanaongezeka, lakini polepole kuliko gharama. Anayewaahidi kwamba njia ya kijijini itaanza kuleta faida mara tu ikipewa mabasi zaidi anawapa ahadi ambayo takwimu haziibebi. Hata hivyo, takwimu hizo hizo zinasema jambo la pili, ambalo nalo hupitwa kimya, safari hii na upande wenu: sehemu kubwa ya abiria wapya hawaji mwaka wa kwanza. Watu hubadili safari zao wanapobadili kazi, wanapohama, mtoto anapoanza shule ya sekondari, au gari la zamani linapoharibika na mwenyewe kuona hakuna haja ya kununua jingine. Majaribio ya miezi sita yanayofungwa kwa maelezo kwamba wananchi hawakuitikia yamepima muda ambao hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuitikia. Nauli nayo iko hivyo hivyo: ikipanda kwa asilimia 10, abiria hupungua kwa takriban asilimia 4 mwanzoni, lakini kadiri miaka inavyopita upungufu huo hukaribia asilimia 10, na mapato yaliyodhaniwa kuongezeka yanakuwa yamemezwa. Taarifa ya fedha ya mwaka mmoja itaonyesha mafanikio tu.

Sasa tuje kwenye kuhesabu kwenyewe. Chukulia basi la viti 40 linaloondoka kijiji cha mbali asubuhi likiwa na watu 4, likaokota abiria njiani mmoja mmoja hadi likaingia mjini limejaa, kisha likageuza na kurudi na watu 4 ambao nao wanashuka njiani. Wastani wa waliokuwamo wakati wa kwenda ni 22, na wakati wa kurudi ni 2, kwa hiyo wastani wa mzunguko mzima ni abiria 12, yaani asilimia 30 ya viti. Karani aliyesimama mwisho wa njia ataandika kwamba basi ni tupu. Aliyesimama ukingoni mwa mji ataandika kwamba limejaa na hakuna pa kuongeza mtu. Wote wawili wamesema kweli, na bado hakuna hata mmoja aliyewaeleza lolote la kufanyia uamuzi. Isitoshe, njia ambayo asubuhi watu wote wanakwenda upande mmoja haiwezi kuvuka nusu ya viti hata ikijaa kabisa katika mwelekeo huo, kwa sababu basi lazima lirudi. Kuilinganisha na njia ya mjini, ambako watu hupanda na kushuka kwa pande zote mbili na kiti kimoja huuzwa mara kadhaa katika safari moja, ni kuidai kitu ambacho umbo lake halikiruhusu.

Ongeza siku na majira. Siku ya soko, mwanzo wa muhula wa shule, siku za kliniki, msimu wa mavuno na msimu ambao barabara haipitiki, kila kimoja kina idadi yake. Hesabu ya wiki moja, tena wakati wa likizo ya shule, haifai kuitwa hesabu.

Nisije nikaeleweka kwamba basi kujaa ndiyo dalili ya afya. Katika nchi nyingi njia za vijijini hazina ruzuku wala ratiba, na gari huondoka likijaa. Huko takwimu za viti ni nzuri kupita kiasi: kila safari imejaa na kila mwenye gari anarudisha gharama zake. Lakini gharama haikutoweka, imehamishwa tu kutoka kwenye daftari la mwenye gari kwenda kwenye asubuhi ya abiria, ambaye hukaa ndani ya gari saa nzima au mbili akingoja wenzake, na hawezi kumwahidi mtu yeyote saa ya kufika. Kijiji chenye watu wachache zaidi hakipati gari kabisa, kwa sababu hakuna atakayengoja muda wa kutosha lijae. Huko hakuna taarifa ya kufuta njia, kwa kuwa njia haikuwahi kuandikwa popote.

Sehemu ninayoomba muisome kwa makini zaidi ni ile ya gharama, maana ndiko makosa makubwa yanakofanyika kwa nia njema. Desturi ni kuchukua gharama zote za mwendeshaji, kuanzia mishahara na mafuta hadi matengenezo, bima, gereji na ofisi, kuzigawa kwa kilomita zote, kisha kila njia na kila safari kubebeshwa gharama ile ile ya wastani. Lakini basi halinunuliwi kwa kilomita. Mwendeshaji ana mabasi 10, tuseme, kwa sababu asubuhi na jioni, wanafunzi na wafanyakazi wanaposafiri kwa pamoja, anahitaji mabasi 10. Saa sita mchana manne tu yanatembea na mengine yameegeshwa. Safari ya mchana ya kwenda kijijini inatumia basi ambalo tayari limenunuliwa, limekatiwa bima na kulipiwa leseni, na mara nyingi dereva ambaye zamu yake inalipwa awe barabarani au awe kivulini. Ukiifuta safari hiyo unaokoa mafuta, uchakavu wa matairi na sehemu ya matengenezo. Huokoi ile gharama ya wastani iliyoandikwa kwenye taarifa.

Matokeo yake yanasikitisha kwa sababu yanajirudia yenyewe. Safari ya mchana inafutwa kwa kuwa inaonekana ina hasara; akiba iliyotarajiwa haionekani yote; gharama zilizobaki zinagawiwa kwa kilomita chache zaidi; gharama ya kilomita moja inapanda; na njia iliyokuwa ikijimudu mwaka jana inatumbukia upande wa hasara bila kupoteza abiria hata mmoja. Ofisi ikifuata hesabu hiyo kwa uaminifu itafika mahali ambapo kila njia ina hasara. Na kuna upande wa pili ambao huwashangaza wengi: basi la asubuhi lililojaa wanafunzi, ambalo katika taarifa huonekana ndilo lenye afya kuliko yote, mara nyingi ndilo ghali kuliko yote, kwa sababu linadai gari zima na dereva kwa saa chache tu za siku, tena kwa abiria ambao wengi wao hulipa nusu nauli au hawalipi kabisa. Sisemi lifutwe. Nasema swali sahihi kwa kila safari ni moja: tukiiondoa hii, nini hasa kitaacha kulipwa? Likijibiwa kwa ukweli, baadhi ya safari zinazoonekana mzigo zitakuwa za bei nafuu, na kuondoa njia nzima pamoja na basi lake kutaonekana kuwa uamuzi wa aina nyingine kabisa, unaoweza kuwa na sababu zake.

Kuna safari ambazo hata hesabu hiyo haizitendei haki. Basi la mwisho la jioni ni mfano mzuri. Karibu kila mahali lina abiria wachache, na karibu kila mahali ndilo la kwanza kupendekezwa lifutwe. Lakini aliyepanda basi la saa kumi jioni alithubutu kutoka nyumbani asubuhi kwa sababu alijua kwamba akichelewa, la saa moja usiku lipo. Liondolewe, na baadhi ya watu wa asubuhi wataacha kusafiri au watatafuta usafiri mwingine kwa siku nzima, nao hawatahesabiwa katika safu ya basi la mwisho bali katika safu ya basi la kwanza, ambako mchambuzi ataona upungufu usio na maelezo. Njia ndogo inayoleta abiria kwenye njia kuu nayo iko katika hali hiyo. Abiria wake hulipa nauli mbili, na ile ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa, huandikwa kwa jina la njia kuu. Kuipima njia ndogo peke yake ni sawa na kukata mizizi kwa kosa la kutozaa matunda.

Kosa hilo lina kumbukumbu yake maarufu katika historia ya reli. Taarifa ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la Uingereza, ilionyesha kwamba theluthi moja ya urefu wa njia za reli za Uingereza ilibeba asilimia 1 tu ya usafiri wa abiria, ukipimwa kwa maili walizosafiri. Takwimu hiyo haikuwa ya uongo, na zipo njia zilizofungwa ambazo hakuna aliyezililia kwa muda mrefu. Kilichokosewa ni dhana iliyofuata, kwamba abiria wa njia ndogo wataendesha gari hadi stesheni ya njia kuu, au watapanda mabasi ya badala. Wengi walipokwisha kuingia kwenye gari waliendelea nalo hadi mwisho wa safari, na mabasi mengi ya badala hayakudumu. Akiba iliyotimia ikawa ndogo kuliko iliyoahidiwa.

Mabasi yenyewe yalipitia mtihani wake. Kwa mfumo wa leseni ulioanzishwa Uingereza na sheria ya mwaka 1930, mwendeshaji alilindwa dhidi ya ushindani katika njia nono, naye kwa faida hiyo akabeba njia nyembamba. Mfumo ulikuwa na kasoro zake, hasa uvivu wa wasio na mshindani, lakini ulitambua kwamba njia za mabasi ni mtandao. Sheria ya mwaka 1985, iliyoanza kutumika nje ya London Oktoba 1986, ilivunja mpango huo: mwendeshaji akawa huru kuchagua njia zenye faida, na halmashauri zikaachiwa kununua zilizobaki kwa zabuni, kadiri bajeti zao zilivyoruhusu. Kuanzia hapo uhai wa njia ya kijijini ukategemea bajeti ya halmashauri, na bajeti zilipobanwa baada ya mwaka 2010, mabasi hayo yalikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kukatwa. Sipendekezi kurudi mwaka 1930. Napendekeza mkubali kwamba, iwe kwa leseni, kwa zabuni au kwa ruzuku, kuna mtu anayelipia njia nyembamba, na ni afadhali ajulikane ni nani na analipa kiasi gani.

Uswisi wamelisema hilo waziwazi. Makazi yenye angalau wakazi 100 wa mwaka mzima yanatambuliwa kuwa na haki ya usafiri wa umma wa kikanda unaolipiwa kwa pamoja na serikali ya shirikisho na kantoni, yaani majimbo ya nchi hiyo. Huduma huagizwa kabla: mwendeshaji hueleza gharama na mapato anayotarajia, na pengo lililobaki hukubaliwa mapema kama bei ya huduma, badala ya kugunduliwa mwisho wa mwaka na kuitwa hasara. Mabasi yao ya posta, ambayo njia ya kwanza ya injini ilianza mwaka 1906, hupangwa yakutane na treni, na tangu mwaka 1982 treni zenyewe zimefuata ratiba inayojirudia kila saa. Najua Uswisi ni nchi tajiri, na mwenye kutaka kulipuuza funzo lake ataanzia hapo. Lakini kuamua kwanza njia ni ya nini hakuhitaji utajiri. Njia iliyowekwa ili kubeba watu wengi ihukumiwe kwa wingi wa watu. Njia iliyowekwa ili kijiji kisikatike na hospitali, shule na soko ihukumiwe kwa swali kama watu wanafika huko kwa saa zinazowafaa. Kuiweka njia kwa lengo la pili na kuifuta kwa kipimo cha kwanza ndiko kunakofanyika, na si haki.

Mtaletewa pia dawa za mkato, nami nitazigusa kwa ufupi. Gari dogo badala ya basi kubwa huokoa mafuta, lakini pale ambapo mshahara wa dereva ndio sehemu kubwa ya gharama, akiba huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mabasi ya ujirani ya Uholanzi, yanayoendeshwa na wakazi wenyewe na yaliyoanza mwaka 1977, ni nafuu hasa kwa sababu madereva wake wanajitolea. Usafiri wa kuitwa kwa simu unafaa sehemu zenye nyumba zilizotawanyika sana, ila una tabia ya ajabu: kila abiria mpya huongeza mzunguko na gharama, kwa hiyo mafanikio yake ndiyo huumaliza mfuko. Helsinki waliujaribu mjini kuanzia mwaka 2012 na kuufunga mwisho wa mwaka 2015, watu wakiwa bado wanaupenda. Kufuta nauli nako hakuundi basi la saa moja asubuhi pale ambapo halipo. Estonia iliondoa nauli kwenye mabasi ya kaunti katika sehemu kubwa ya nchi kuanzia Julai 2018, kisha ikairudisha kwa watu wazima wengi mwaka 2024. Ninaloliona kuwa na tija zaidi ni la kiutawala na halina mvuto wa kuzinduliwa kwa sherehe: gari la shule, gari la wagonjwa wa kliniki na basi la umma mara nyingi hupita barabara moja kwa bajeti tatu za ofisi tatu, kila moja likiwa na viti vitupu ambavyo lingine lingevijaza.

Na lini njia ifutwe? Kwa maoni yangu, ifutwe pale ambapo imepewa ratiba inayomwezesha mtu kufanya kazi, kusoma na kutibiwa, ikatangazwa ipasavyo, ikaachwa bila kubadilishwa kwa angalau miaka miwili, na bado watu hawakuja. Na pale ambapo fedha inayookolewa kweli, si ya wastani, imekwisha kupangiwa safari nyingine itakayowafaa watu wengi zaidi wa eneo lile lile. Masharti hayo ni magumu, lakini hayazidi ugumu wa maisha ya atakayebaki bila basi.

Kwa hiyo naomba taarifa yoyote ijayo ya kufuta njia iambatanishwe na hesabu ya abiria kwa kila kituo na kila safari, ikiwamo ya siku ya soko na ya muhula wa shule. Lengo la njia kama lilivyoandikwa ilipoanzishwa. Gharama itakayoepukwa, ikitenganishwa na ile itakayohamia kwenye njia nyingine. Na makadirio ya abiria watakaopotea katika njia kuu. Iwekwe hadharani kabla ya uamuzi, na kikao cha kupokea maoni kipangwe kwa saa ambayo abiria wa njia husika wanaweza kufika na kurudi kwa basi linalojadiliwa.

Wenu mtiifu,
Abiria wa njia ya kijijini